Radi Iliyomchukua Ng'ombe Kipara

Kazi yangu ni kupiga picha za harusi mjini Shinyanga, na nataka niseme mapema kwamba naipenda, ili nitakapoanza kulalamika nisieleweke vibaya. Nina kamera, nina droni, na nina chumba cha kazi pale Ngokolo chenye maua ya plastiki ambayo karibu kila bibi harusi wa mtaa ule amewahi kuyashika. Bibi harusi huniambia nimpunguze tumbo. Mama wa bwana harusi huniambia nimng'arishe uso. Kamati huniuliza kwa nini mwenyekiti haonekani kwenye kukata keki, wakati mwenyekiti mwenyewe alikuwa jikoni akigombana na mpishi. Radi haina kamati, na haijawahi kuniambia nimpunguze mtu tumbo. Ndiyo sababu niliipenda.

Mapenzi yenyewe yalianza kwenye harusi moja nje ya mji. Mvua ilitukuta droni ikiwa bado angani, na nilipofika nyumbani kuhariri video nikaona kwenye pembe, nyuma ya turubai lililokuwa linapaa, kamstari keupe kembamba kutoka mawinguni mpaka chini. Wenye harusi walitaka niikate sehemu ile kwa sababu ya turubai. Niliikata kwao, nikabaki nayo mimi. Tangu siku hiyo nikawa natafuta radi nzima, iliyokaa katikati ya picha kama mtu aliyevaa akapendeza.

Haikuwa rahisi. Radi inakwisha kabla kidole hakijabonyeza, kwa hiyo unalazimika kurekodi video mfululizo, halafu ukae nyumbani uitafute ndani yake. Droni nayo inaogopa upepo na mvua, hivyo nafasi yako ni ile fupi kati ya wingu kuiva na tone la kwanza kudondoka. Mjini nilizingirwa na nyaya za umeme na minara ya simu. Upande wa Bulyanhulu kuna mbingu kubwa kweli, lakini jirani na mgodi haturuhusiwi kurusha. Walinzi waliniambia nirudishe kifaa kwenye begi, wakaniambia kwa adabu, na mimi nikawajibu bila adabu. Baada ya misimu kadhaa nilikuwa na hazina kubwa ya picha za mahali ambapo radi ilikuwa imetoka kupita.

Ndipo mjomba akanipigia simu.

Mjomba ni kaka wa marehemu mama. Anaishi kijijini upande wa Kharumwa, analima mpunga na kufuga. Ni mrefu, ana sauti ya kuitia ng'ombe, na enzi zake alikuwa sungusungu, walinzi wetu wa jadi. Kila mtu kijijini amesikia jinsi alivyowakimbiza wezi wa ng'ombe akiwa na fimbo tu, na kila akisimulia wezi wanaongezeka. Mimi ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. Hilo limeniokoa mara nyingi. Akitaka kunifokea, anapandisha sauti, katikati anakumbuka anamfokea mama yake, anaishusha.

"Mama, njoo na ile ndege yako," aliniambia. "Tunakagua ng'ombe wa mahari."

Binti yake wa mwisho, binamu yangu, alikuwa anaolewa. Binamu anauza mabuti na tochi kwa wachimbaji wadogo, anazunguka na spika yake ya mkononi akitangaza bei, na amezoea kubishana na wanaume waliotoka chini ya ardhi wakiwa na njaa. Mchumba wake ni dereva wa bodaboda anayepeleka wachimbaji kazini. Walichaguana wenyewe, wakapendana wenyewe, wakawaachia wazee kazi ya kugombania ng'ombe. Nilimwambia mjomba nakuja kwa ajili ya binamu. Ilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na kule hakuna nyaya.

Kwa asiyefahamu mambo yetu: wazee wa binti huenda kwenye zizi la kina bwana harusi, ng'ombe wanapitishwa mmoja mmoja, wanaangaliwa meno, mgongo na mwendo. Kukataa kunaruhusiwa. Kwa kweli kunatarajiwa, maana ukipokea wote bila neno watu watasema ulikuwa na haraka ya kumtoa binti. Mjomba alikwenda akiwa ameshaamua kwamba atakataa mmoja, bado tu hajajua nani.

Akapita ng'ombe kipara. Hakuwa na pembe, alikuwa mdogo, mwekundu, jicho moja linamtoka machozi, na alitembea kama amesahau kitu alikotoka. Mjomba akanyoosha fimbo.

"Huyu hata bure simtaki," akasema, kwa ile sauti yake. "Mwondoeni machoni pangu!"

Watu wakacheka. Baba wa bwana harusi hakucheka. Ni mzee mwembamba, mkimya, ambaye uso wake haukwambii kitu. Akasema tu kwamba hao ndio wote alionao wa kutoa, na kwamba huyo kipara hana wa kumbadilisha. Mazungumzo yakaahirishwa. Njia nzima ya kurudi mjomba alikuwa ananung'unika kwamba mzee yule ameficha ng'ombe.

Kesho yake alasiri wingu likaiva. Mtu aliyekulia kwetu analijua wingu la namna ile, rangi ya jivu la mkaa chini na nyeupe juu, limesimama upande mmoja wa mbingu wakati upande mwingine jua bado linawaka. Nilisimama uwanjani kwa mjomba, droni tayari, simu nimeipachika kwenye rimoti kama kioo cha kutazamia. Nikawasha na kinasa sauti cha simu, kwa sababu nina tabia ya kujisemea mambo ya upepo na mwanga ili nikihariri nikumbuke. Mbele yangu kulikuwa na majaruba ya mpunga, na ng'ambo ya majaruba nyumba ya wakwe, na ghala lao, na zizi, na mkwaju mkubwa kando ya zizi.

Mjomba akaja na kigoda chake.

"Mama, hiyo ndege inafika kule?"

"Inafika."

"Basi ipitishe kwa wakwe. Kidogo tu. Wasalimie."

"Mjomba, watu hawasalimiani kwa droni."

"Wewe pitisha."

Nikapitisha. Naweza kujitetea kwamba ni mkubwa wangu, lakini ukweli ni kwamba njia ya kwenda kwenye wingu ilikuwa inapita kulekule. Mjomba akaniinamia begani, harufu ya ugoro puani kwangu, macho kwenye simu. Yakapita majaruba, likaja paa, likaja ghala. Akaruka.

"Huyo! Nyuma ya ghala! Si nilisema? Mtamba mweusi, ana baka jeupe! Angalia mgongo ule! Mwongo mkubwa mzee yule, na uso wake kama amelamba ndimu! Na yule kipara bado yupo? Yule si ng'ombe, yule ni mbuzi aliyekosea zizi!"

Kwenye simu niliwaona wanawake waliokuwa wanaanua mpunga wakinyoosha vidole juu. Nikamwona baba wa bwana harusi katikati ya uwanja wake, kiganja juu ya macho, anatazama moja kwa moja kwenye kamera. Niliona aibu kama vile ananiona mimi. Nikairudisha droni haraka, nikaisimamisha juu ya uwanja wetu. Upepo ulikuwa umeshaanza kuisukuma. Ningeishusha pale pale, lakini wingu lilikuwa zuri mno, nikaigeuza tu uso kuelekea ng'ambo. Nikajiambia dakika moja.

Kukawa kweupe. Mlio haukusubiri. Nilihisi nyayo zangu zimeachana na ardhi kisha zikarudi. Nilipofumbua macho na masikio kuzibuka, droni ilikuwa bado juu, inapepesuka. Niliishusha nikaidaka kwa mkono, matone ya kwanza yananipiga. Kigoda kilikuwa kimepinduka na mjomba hayupo.

"Mjomba!"

"Nipo," sauti ikatoka chini ya mkokoteni. "Natafuta ugoro wangu."

Ndani, mke wa mjomba alikuwa ameshafunika kioo na televisheni kwa khanga, kama tulivyofundishwa wote, maana radi inapenda vitu vinavyong'aa. Tulikaa kimya, kwa sababu pia tulifundishwa kwamba radi inapenda waongeaji. Kupitia mvua tukasikia yowe ng'ambo. Radi ilikuwa imepiga mkwaju, na chini ya mkwaju alikuwa amelala ng'ombe mmoja tu, amekufa. Kipara.

Hebu jiweke mahali pa watu wa kijiji kile. Mzee amemkataa ng'ombe mbele ya kadamnasi. Amesema aondolewe machoni pake. Kesho yake mpwa wake kutoka mjini amerusha kidude chenye taa, kimekwenda mpaka juu ya zizi, kimezunguka, kimetazama, kimerudi kwao. Halafu radi imetoka mbinguni, ikawaacha ng'ombe wote wanene, ikamchukua yuleyule. Ningekuwa mimi ni wao ningehama.

Kwetu radi ya kutumwa si habari ya kushangaza. Kilichowashangaza ni kwamba sasa inatumwa kwa betri. Nyama ya kipara haikuguswa, kwani ng'ombe wa radi haliwi mpaka fundi wa radi amfanyie dawa, na fundi wa eneo lile aliposikia kuna mshindani mwenye rimoti akasema ana safari.

Mshenga alikuja asubuhi yake, hakukaa, hakunywa hata chai. Ujumbe ulikuwa mfupi. Baba wa bwana harusi amesema hawezi kumchukulia mwanawe mke kwenye nyumba inayotuma radi. Ndoa imesimama.

Binamu alifika mchana akitokea machimboni, gunia la mabuti mgongoni, spika begani. Alilishusha gunia miguuni pangu.

"Dada, wewe ulikuja kurekodi harusi yangu au kuniulia ng'ombe?"

"Ni radi tu. Ilipiga mti."

"Najua ni radi! Mimi nilikwambia ni nini? Lakini mwenzangu wamemkataza hata kunipigia. Amenitumia ujumbe mmoja, anasema nimsamehe, baba yake hali chakula."

Kisha akalia. Sijawahi kumwona binamu akilia, hata utotoni alipovunjika mkono alitukana tu. Aliketi juu ya gunia lake akalia bila kuficha uso, na mimi nikasimama na droni yangu mkononi nikajisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu.

Wakati huohuo biashara ilianza kuja. Mwanamke mmoja alinifuata kisimani akitaka radi ndogo, isiue, ipite tu dirishani mumewe akiwa amelala, ili aache ulevi. Akafuata mchimbaji mdogo kwa pikipiki, suruali imejaa vumbi la mawe. Alikuwa na duara lake, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu, na amekutana na mwamba mgumu.

"Mama, baruti ni shida siku hizi," aliniambia kwa upole. "Nikikuonyesha mahali, unaweza kuishusha hapohapo?"

Nilimwambia mimi ni mpiga picha. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama anayeelewa kwamba mambo haya hayasemwi hadharani, akaniachia namba yake.

Kilichoniudhi zaidi ni mjomba. Siku ya kwanza alikana kwa nguvu. Siku ya pili alikana kidogo. Baadaye nikaona haelekei kukana tena. Watu walikuwa wanamsalimia kwa kupiga magoti tangu mbali. Jirani ambaye mbuzi wake walikuwa wanamaliza mihogo yetu miaka nenda rudi aliwafunga kamba bila kuambiwa. Mjomba akaanza kutembea polepole, mikono nyuma, akitazama mawingu kama mtu anayekagua mali yake.

Nilimwita chumbani nikamwonyesha video.

Nilikuwa nimeshaitazama mwenyewe, na sitasema uongo: nilifurahi mpaka nikasahau matatizo ya watu. Radi ilikuwa pale, nzima, imesimama juu ya mkwaju na matawi yake yote. Picha hiyo ipo ukutani Ngokolo mpaka leo. Wateja wanaona radi, mimi nawaonyesha doa jekundu chini ya mti. Lakini video ilikuwa na sauti, na mjomba akaisikia. Akajisikia akichungulia zizi la wakwe na kumwita mkwe wake mwongo aliyelamba ndimu. Kisha kukawa kweupe, na baada ya mlio ikafuata sauti nyembamba, kali, ambayo ningeapa ni ya mtoto wa kike:

"Mayu! Mayu wane! Nakufa mimi! Mama usiniache!"

Ni Kisukuma cha kumwita mama, na kilitoka kwa yule mkimbizaji wa wezi. Kisha mshindo wa kigoda, kisha mtu anaparamia chini ya mkokoteni.

Mjomba alinirudishia simu.

"Futa," akasema.

"Mjomba, hii ndiyo itakayokuokoa! Mtu aliyetuma radi anapiga kelele namna hii?"

"Nimesema futa! Bora niitwe mchawi. Mchawi anaogopwa. Hii itanifanya nini? Nitapita wapi? Mtu mzima, sungusungu, nachungulia ng'ombe wa mkwe wangu, halafu..."

"Na binamu?"

"Atapata mwingine."

Alisema hivyo lakini akatazama ukutani. Nami nikawaka. Nikamwambia ile ndiyo radi pekee niliyowahi kuipata, na sifuti hata akilala mlangoni. Akapandisha sauti, "We mtoto huna ad..." akakumbuka mimi ni mama yake, akaishusha, akabaki anahema. Mwishowe tukapatana jambo la kipumbavu kabisa: nitawaonyesha wazee video, ila bila sauti.

Sungusungu walituita kwenye uwanja wa mnada wa ng'ombe. Wanaume walikuja na fimbo zao, wakakaa nusu duara, wanawake nyuma yao. Kamanda, mtu mzima mwenye filimbi shingoni, aliniamuru niiweke droni chini juu ya gunia. Nikaiweka. Wale waliokuwa mbele ya kamera yake wakainuka bila kuambizana, wakahamia upande mwingine. Nikaigeuza ili wakae vizuri, wakahama tena.

"Imelala?" kamanda akauliza.

"Imezimwa, mzee."

"Ibaki hivyohivyo."

Nikaonyesha video kimya, simu ikapita mkono kwa mkono. Nikaeleza kwamba radi ilipopiga droni ilikuwa imesharudi kwetu, ng'ambo ya majaruba.

"Ilikuwa inatazama wapi?" kamanda akauliza.

"Kule kwenye mti."

"Na radi ikapiga wapi?"

"Kulekule."

"Basi," akasema kamanda, na uwanja mzima ukaguna.

Nikaanza kueleza habari za mawingu na umeme wake, na kwamba radi hupenda mti mrefu. Mzee mmoja akasema mkwaju ule upo tangu hajaoa, mbona haukuwahi kupigwa. "Kwa sababu ulikuwa haujapigwa bado!" nikamjibu kwa hasira, na nikaona mwenyewe kwamba jibu hilo halikunisaidia. Mjomba alikuwa amekaa mikono nyuma, uso juu, mchawi kamili.

Baba wa bwana harusi akasimama. Hakufoka. Alisema yeye hana ugomvi na mtu, na binti yule anampenda, lakini kuna mambo ambayo mtu hawezi kulala nayo nyumba moja. Sauti yake ilikuwa imechoka. Nyuma yake kijana wake alikuwa ameinamisha kichwa, funguo za pikipiki mkononi, anazigeuzageuza.

Binamu akapita katikati ya wanaume. Hakuomba ruhusa. Akanipokonya simu, akaitazama, akanitazama mimi.

"Kuna sauti hapa. Umeizima."

Mjomba akasema, "Mwanangu," akasema tena, "Mwanangu, subiri." Binamu alikuwa ameshawasha spika yake ya kutangazia. Kwanza ikatoka sauti yake mwenyewe, "Mabuti, mabuti ya duarani, hayapitishi maji!" na ng'ombe waliokuwa karibu wakakimbia. Akabonyeza akaizima hiyo, akaisogeza simu kwenye kinasa, na uwanja wa mnada ukajaa mjomba.

Wakasikia wasalimie. Wakasikia pitisha. Wakasikia mwongo mkubwa, na ndimu, na mbuzi aliyekosea zizi. Hakuna aliyesogea. Wengine walikuwa wanamtazama baba wa bwana harusi kwa pembeni waone kama atapiga mtu fimbo. Kisha ikapiga radi kwenye spika, watu wakajiinamia, na baada yake ikatoka ile sauti nyembamba ikimwita mama.

Aliyeanza kucheka ni bibi mmoja kule nyuma. Alijaribu kujizuia kwa khanga, ikashindikana. Kisha wakaangua kicheko wote. Kamanda alicheka mpaka filimbi ikamwingia mdomoni ikalia. Akafuta machozi, akaomba irudiwe, kwa ajili ya uchunguzi, akasema. Ikarudiwa. Kina mama waliomba irudiwe tena bila kutaja uchunguzi. Mjomba alikuwa ameshusha mikono yake mbele, na uso wake, naweza kusema, ulikuwa wa mtu anayeutafuta ule mkokoteni.

"Haya," kamanda akasema alipopata pumzi. "Mtu anayetuma radi anajua inakuja lini. Hawezi kumwita mama yake. Huyu hakutuma kitu." Kisha akakunja uso kidogo. "Lakini nimesikia mtamba mweusi nyuma ya ghala. Mkwe wetu, si ulisema umetoa wote?"

Kicheko kikakatika. Mjomba akainua kichwa. Niliona uhai ukimrudia, maana kumbe hakuwa peke yake kwenye aibu.

Baba wa bwana harusi alichora chini kwa fimbo yake kwa muda.

"Nilisema wote wa kutoa," akasema. "Yule si wa kutoa. Mahari mnachukua nyinyi wazee, mnagawana na ndugu zenu, ndivyo ilivyo, na mimi kwa binti zangu nilifanya hivyo. Lakini binti anakuja kwangu mikono mitupu. Mke wangu alipoletwa hapa hakuwa na hata ng'ombe wa kukamua. Alikuwa anakwenda kuomba maziwa ya mtoto kwa majirani, na siku nyingine anarudi na kibuyu kitupu, ananiambia ameshiba. Nilimficha mtamba yule kwa sababu nilijua mkimwona mtamtaka. Ni wa mkamwana wangu. Wake yeye, akamue yeye."

Nimerekodi harusi nyingi, na nimesikia hotuba nyingi za baba wa bwana harusi, zenye muziki na vigelegele. Sijawahi kusikia uwanja umetulia namna ile. Binamu aliiweka spika chini, akaenda mpaka mbele ya yule mzee, akapiga magoti kwenye vumbi la ng'ombe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana. Inuka, utachafuka."

Mjomba alikuwa bado amekaa. Nilimwangalia, nikiwa tayari kumrukia kama angethubutu kutaja mgongo wa yule mtamba. Akakohoa. Akasimama kwa shida, magoti yake hayakuwa yamesahau mkokoteni, akamwendea mkwe wake, akampa mikono yote miwili.

"Mahari imetimia," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. "Yule kipara nimempokea."

"Amekufa, mkwe," yule mzee akamkumbusha.

"Najua amekufa. Nimempokea."